Mwili Hauzoei Dawa

Swali nililoulizwa kupita kiasi, na wenye elimu na wasio nayo, katika korido za hospitali, katika daladala za Igoma na hata misibani, ni hili: "Daktari, nina UTI sugu, mwili wangu umeshazoea dawa zote, je, nikipimwa vinasaba si itajulikana kwa nini damu yangu inazikataa?" Muulizaji huuliza kwa moyo safi, aghalabu baada ya kumaliza dozi kadhaa alizonunua bila cheti, na kwa hiyo hustahili jibu la adabu, lakini maadamu dhana iliyojificha ndani ya swali hilo inaua watu, nami nimechoka kuiona ikipita bila kupingwa, naomba leo niivunje hadharani.

Mwili wa mwanadamu hauzoei antibiotiki. Ziko dawa ambazo mwili huzizoea, na kasumba ni mojawapo, kwa sababu kazi yake huifanya ndani ya neva za mtu mwenyewe. Ama antibiotiki, hiyo haikukusudiwa mtu bali kimelea kilichomo ndani yake, na siku inaposhindwa kwa usugu, kilichobadilika ni kimelea, si damu, si tumbo, wala si ukoo wa mgonjwa. Ithibati ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1940, Edward Abraham na Ernst Chain, huko Oxford, walitangaza kwamba bakteria wa utumbo aitwaye E. coli ana kimeng'enya kinachoiharibu penisilini, ilhali penisilini yenyewe ilikuwa bado haijaenea katika hospitali yoyote duniani.

Asiyetosheka na habari za Oxford, na aje hapa petu Mwanza, katika hospitali ya Bugando iliyo kilimani. Mwaka 2013 Profesa Stephen Mshana na wenzake, wa Mwanza na wa Giessen nchini Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuchunguza vinasaba vya bakteria waitwao Klebsiella waliotolewa katika damu ya watoto wachanga waliougua hospitalini humo, na wakaona kwamba ukoo mmoja wa bakteria, uitwao ST14, ndio uliotamalaki, nao umebeba jeni iitwayo CTX-M-15, yenye kuunda kimeng'enya kinachoivunja antibiotiki ya seftriaksoni na ndugu zake. Sasa nauliza mimi: mtoto wa siku chache, ambaye hajapata hata kuonja uji, ameizoea seftriaksoni lini? Hakuizoea. Alipokewa duniani na bakteria ambaye tayari alikuwa sugu, na kuonekana kwa ukoo mmoja katika damu ya watoto mbalimbali kunamaanisha kwamba bakteria huyo amesafiri, kwa mikono, kwa vifaa, kwa maji au kwa nguo, kutoka kitanda hadi kitanda. Hayo si ya Mwanza peke yake. Wodi za watoto za Ulaya na Marekani zimeyaona pia.

Basi vinasaba tunavyovisoma ni vya kimelea. Sampuli ya usaha au mkojo, au ya damu iliyokwisha kuoteshwa katika chupa, hupandwa jioni juu ya sahani ya chakula cha bakteria kiitwacho MacConkey, na asubuhi, akiwapo Klebsiella, huonekana madoa ya waridi, manene, yenye utelezi, ambayo ukiyagusa kwa kitanzi cha waya na kuinua huenda yakavutika kama uzi. Hapo hupandwa upya pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa, na duara tupu linalobaki kandokando ya kila kidonge hupimwa kwa milimita. Duara likikosekana, dawa hiyo haina kazi. Ni baada ya hayo tu, na kwa wachache, ndipo tunapofungua seli ya bakteria na kusoma maandishi yake, yapatayo herufi milioni 5, ilhali ya mtu ni bilioni 3, ambayo hatuyahitaji. Kipimo cha duara humwambia tabibu dawa ipi itumike. Kipimo cha jeni hutuambia usugu umetoka wapi na unaelekea wapi. Mgonjwa mmoja mwenye homa anahitaji kile cha kwanza, na kuking'ang'ania cha pili ni kupoteza fedha na wakati.

Nasema unaelekea wapi kwa sababu jeni hizi hazitulii. Aghalabu hukaa juu ya plasmidi, kipande cha vinasaba kilicho nje ya kromosomu, ambacho bakteria humpa bakteria mwingine, hata wa aina tofauti, mfano wa jirani amwazimaye jirani ungo, ila huku mwenye kuazimisha hubaki na wake. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti wa Mwanza walichapisha kwamba wameikuta CTX-M-15 hiyo hiyo katika mazingira ya mwambao wa Ziwa Viktoria na ndani ya matumbo ya samaki. Samaki wa ziwani naye amezoea sindano? Na katika utafiti uliotangulia kuchapishwa, mwaka 2014, walipochunguza bakteria 227 wa hospitali waliokwisha kujulikana kuwa sugu kwa dawa nyingi, takriban theluthi moja walikuwa na jeni zinazoharibu hata dawa za jamii ya meropenemu, ambazo huwekwa akiba ya mwisho.

Madhara ya itikadi hii ya mwili kuzoea dawa ni mawili. La kwanza, mtu akiamini kwamba kosa ni la mwili wake, hamwulizi muuguzi wala tabibu kama amenawa mikono, wala hashangai kuona sinki la wodi halitoi maji, na hivyo dhana inawapa udhuru wale wanaopasa kuulizwa. La pili, hufungua mlango wa biashara. Kila kona ya mji kuna atangazaye tiba ya "UTI sugu": chupa ya mizizi ya kusafisha mkojo, unga wa kupumzisha mwili, au sindano kali ya kuushtua. Utafiti wa HATUA, uliowahusisha maelfu ya wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, Mwanza ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2024, uliona kwamba kati ya waliokuja na dalili za UTI, ni takriban theluthi moja tu ambao mkojo wao ulithibitisha maambukizi. Wengi wa waliobaki huenda walikuwa na jambo lingine, na wengi wa namna hiyo hupona wenyewe; sifa za kupona zikaenda kwa mwenye chupa. Yule aliye na bakteria sugu kweli hubaki na maumivu yake mpaka yapande kwenye figo. Hadaa hii sina subira nayo.

La kufanya ni hili. Omba kuotesha mkojo kabla ya kidonge cha kwanza, na kama umechelewa, kabla ya kubadili dawa. Chukua mkojo wa katikati katika kikopo safi, ufike maabara ndani ya saa mbili. Cheti cha majibu kitunze na uende nacho kila uendako. Usichomwe seftriaksoni dukani. Usimpe mtu dawa iliyobaki. Mwenye mpira wa mkojo na aulize kila siku kama bado unahitajika. Nawa mikono unapoingia wodini na unapotoka, na umwombe anayekugusa afanye vivyo hivyo. Si utovu wa adabu. Mjamzito mwenye dalili, na mwenye homa pamoja na maumivu ya kiuno, asikae nyumbani. Na mtoto mchanga anayekataa kunyonya, au anayechemka au kupoa isivyo kawaida, asingojeshwe mpaka asubuhi: apelekwe hospitali usiku huo huo.