Mteja Amekubali Bei, Lakini Malipo Hayafiki? Kagua Njia Yako ya Kulipwa

Leo tuongee kuhusu zile dakika mbili za mwisho: mteja ameshakubali bei, ameshatoa simu, anataka kulipa. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteza hela.

Nianze na yangu. Nauza kamba wakavu na mikeka ya ukindu kutoka Kibiti. Mzigo wa delta ya Rufiji, wa Mbwera, Kiasi na Salale, unakuja kwa boti mpaka Nyamisati, halafu unapanda gari kupitia Bungu kwenda Dar. Boti inafuata maji, gari nalo halisubiri mtu. Siku hiyo mteja akaniambia, "Nimeshatuma, angalia meseji." Nikaangalia, meseji ipo, imeandikwa vizuri kabisa. Konda anapiga honi, nikasema pakia. Jioni naangalia salio, hakuna kitu. Kilo 15 za kamba zimeondoka hivyo hivyo, na mzee wa boti bado ananidai.

Tangu hapo nikaamua kujifunza hizi menyu za pesa zimetengenezwaje na kwa nini. Haya ndiyo niliyoyapata.

*1. Menyu ni fupi kwa sababu*

Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au *150*60# ya Airtel Money, unafungua mazungumzo ya moja kwa moja na mtandao. Hayali bando, na kitochi kinatosha. Ila skrini moja inabeba herufi 182 tu, na ukikaa kimya muda mrefu inakata. Ndiyo maana utaona "1. Tuma Pesa, 2. Toa Pesa" bila maneno mengi.

Programu ya simu janja ina nafasi zaidi: picha, orodha ya miamala, hata kupiga picha ya msimbo wa malipo. Lakini inataka intaneti. Mteja akiwa sehemu ambayo intaneti inakuja na kuondoka, kama ilivyo kwenye vijiji vingi vya delta, menyu ya nyota na reli ndiyo inayomwokoa.

La kufanya: usitoe njia moja tu. Weka picha ya msimbo, na chini yake andika namba pamoja na hatua za kufuata kwenye kitochi.

*2. Jina linalotokea ndilo linalouza*

Kabla mteja hajaweka namba ya siri, mfumo unamwonyesha jina la anayelipwa. Hatua hiyo imewekwa makusudi. Namba ni rahisi kukosea tarakimu moja, ila jina mtu analitambua haraka.

Sasa angalia sisi tunavyoiharibu. Ukurasa unaitwa "Kamba Tamu Kibiti", mteja akitaka kulipa linatokea jina la shemeji yako. Anashtuka, anaghairi, na wala hakuambii. Wewe unabaki unalalamika kwamba wateja wa siku hizi hawana msimamo.

La kufanya: sajili Lipa Namba kwa jina la biashara yako. Kama bado unatumia namba ya mtu, mwambie mteja mapema jina litakalotokea. Unaweza kunakili hii:

"Lipa Namba: (namba yako). Jina litakalotokea: (jina). Kiasi: 45,000/=. Ukiona jina tofauti, usiweke namba ya siri. Nipigie kwanza."

*3. Ikikatika katikati, asirudie kwanza*

Mtandao ukikata kabla mteja hajaweka namba ya siri, pesa haijatoka. Ukikata baada ya kuiweka, hapo hamjui bado. Mwambie aangalie salio au orodha ya miamala ndipo arudie. Mteja akilipa mara mbili, mtapoteza siku nzima kurudishiana, na ada imeshakwenda.

*4. Usiamini meseji, amini salio*

Hili ndilo lililonikuta mimi. Meseji halisi ya malipo inatoka kwa jina la huduma yenyewe. Haitoki kwenye namba ya simu ya kawaida. Picha ya muamala nayo inatengenezwa kwa dakika chache. Kwa hiyo piga menyu mwenyewe, ona salio limeongezeka, ndipo uachie mzigo. Hata kama gari linaunguruma. Bora mzigo ulale Nyamisati usiku mmoja kuliko uende bure.

Ukipata meseji ya kitapeli, itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo.

*5. Mjaribishe mtu, wewe nyamaza*

M-Pesa haikuanza kama tunavyoijua. Kule Kenya mwaka 2005 ilijaribiwa kama njia ya watu kurejesha mikopo midogo. Waliokuwa wakiijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye huduma wakaliona hilo, na ilipozinduliwa Machi 2007 kutuma pesa ndiko kulikowekwa mbele. Mwaka 2008 ikaingia kwetu Tanzania. Yaani waliwatazama watumiaji kwanza.

Na wewe fanya hivyo, tena ni bure. Chukua tangazo lako, mpe mtu ambaye hajawahi kununua kwako: mama wa jirani, bodaboda, yeyote. Mwambie, "Nilipe shilingi 1,000." Halafu kaa kimya. Usimwelekeze. Pale atakapokuuliza swali ndipo maelekezo yako yana shimo. Mimi nilipofanya hivyo, mtu wa kwanza tu aliniuliza, "Kumbukumbu namba niweke nini?" Kumbe nilikuwa sijaandika popote!

Rekebisha, mpe mwingine. Akimaliza bila kukuuliza kitu, umefika.

Na kama kuna siku utamlipa fundi akutengenezee programu ya duka lako, mpime kwa mambo haya haya: iwe kwa Kiswahili, hatua ziwe chache, jina na kiasi vionekane kabla ya kuthibitisha, na mtandao ukikata mteja aambiwe wazi kama pesa imetoka au haijatoka. Rangi nzuri zije baadaye.

Leo kabla ya kulala, fungua tangazo lako la mwisho ulisome kama mteja. Je, ungeweza kulipa bila kumpigia mtu? Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni, huenda kesho ana mzigo wa kupakia.