Masisi na Walikale: kindi na kwale, nani anakula mbegu, nani analeta hatari jikoni?

Mkulima wa Masisi akikuta mashimo madogo shambani, siku mbili baada ya kupanda mahindi, analaumu kwale. Jirani yake anasema hapana, ni kindi. Wote wawili wanaweza kuwa na haki.

Kwale anatembea chini. Anachakura udongo kama kuku, na kweli ni wa ukoo mmoja na kuku. Anakula mbegu, lakini pia mchwa na wadudu wengine, kwa hiyo si adui mtupu. Kindi anashuka toka mtini, anafukua mbegu, halafu mahindi yakikomaa anarudi kupanda bua. Ukikuta maganda yamechanwa huko juu na punje zimegugunwa, huyo si kwale.

Masisi, misitu mingi imekatwa juu ya malisho ya ng'ombe, mashamba na makala. Kindi bila miti hana pa kulelea watoto. Walikale, kwenye msitu mkubwa, bado ana nafasi. Kwale wa kawaida anavumilia vichaka na mashamba yaliyoachwa, ila anataga chini: pori likichomwa, mayai yanakwisha. Kuna pia kwale wa milimani, mwenye mdomo na miguu myekundu. Huyo anaishi tu kwenye milima ya mashariki mwa Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi, si pengine duniani.

Lakini tofauti kubwa iko jikoni. Mwaka 1985, wakati nchi ikiitwa Zaire, watafiti walipata virusi vya Mpox ndani ya kindi wa porini aliyekuwa mgonjwa. Mpox inashika wanyama wanaonyonyesha; kwale ni ndege. Basi kindi aliyeokotwa amekufa, au anayeyumba na kushikwa na mkono kwa urahisi, asiletwe nyumbani. Watoto ndio wanaowaokota zaidi, na kwao inaonekana kama bahati. Hatari inaanza wakati wa kumchuna, damu ikigusa kidonda cha mkono, kabla hata sufuria haijawekwa motoni. Nyama iliyoiva vizuri haina shida hiyo.

Mpox iliyoenea Kivu tangu 2023 inapita zaidi kati ya mtu na mtu. Mwenye homa na vipele aende kituo cha afya, hata kama hajagusa nyama ya pori.