Gauni la Bibi Lilikuwa Rangi Gani?

Siku hizi kijana wa nyumbani anaweza kuichukua picha ya bibi yake ya zamani, isiyo na rangi, akaiingiza katika programu ya simu, na mara bibi akatokea amevaa gauni la buluu. Nyumba nzima hufurahi. Lakini je, gauni lile lilikuwa la buluu kweli?

Kazi ya kutia rangi ni ya siku nyingi, na wanawake wameifanya sana. Huko Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, Bibi Elisabeth Thuillier alikuwa na karakana ya akina mama na wasichana wapatao 200. Walipaka filamu kwa brashi ndogo, picha moja baada ya nyingine, kila mmoja na rangi yake. Akimaliza, humpitishia mwenzake. Filamu ya Georges Méliès ya mwaka 1902, kuhusu safari ya mwezini, huchukua kama robo saa tu kuitazama, lakini ina picha zaidi ya 13,000! Fikiri macho ya mpakaji jioni.

Ile ilikuwa hadithi ya kubuni, na hakuna aliyedanganywa. Picha ya mtu aliyeishi ni jambo jingine. Kamera za zamani zilishika mwanga na kivuli tu. Tena filamu nyingi za kale hazikuhisi wekundu, hivyo kitambaa chekundu kilitokea kama cheusi. Kompyuta nayo imefunzwa kwa picha nyingi za rangi, kisha inakisia. Sisi wauguzi hutazama ndani ya kope na viganjani kumtambua aliyepungukiwa damu. Mashine haijui hayo, inaweza kumpaka mgonjwa rangi ya mwenye afya.

Mwaka 2021 yalitokea mabaya zaidi. Picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, ambako maelfu waliuawa kati ya 1975 na 1979, zilitiwa rangi na kuchapishwa ng'ambo. Baadhi ya nyuso zilionekana zikitabasamu, ilhali katika picha za asili hazikutabasamu. Watu wale walipigwa picha wakiingia mahali pa mateso. Ndugu zao waliumia, serikali ikalalamika, picha zikaondolewa. Ni mama gani angestahimili kuona mwanawe akichekeshwa hivyo?

Basi, dada, picha ya asili isiguswe. Rangi itiwe kwenye nakala. Kwanza keti na shangazi au mama mkwe angali na kumbukumbu, umuulize: gauni lilikuwa la rangi gani? Marehemu alikuwa mweusi au maji ya kunde? Kama simu imempausha, kijana arekebishe. Kisha andika nyuma ya nakala, kwa penseli laini maana wino hupenya, rangi ipi ilikumbukwa na nani, na ipi ilikisiwa na simu.