Sanduku la vyombo vya kuvua kila mwezi: inaendeshwa namna gani, na nani anafaidika?

Uvira, Kalemie, Goma na Bukavu, familia nyingi ziko na ndugu waliohamia Marekani. Wamoja kati yao, siku ya mapumziko, wanaenda kuvua kwenye maziwa na mito ya huko. Ndipo wanakutana na biashara ambayo huku haijulikane sana: mtu analipa makuta kila mwezi, na kila mwezi posta inamletea mpaka mlangoni sanduku dogo la vyombo vya kuvua. Ndani mna nini? Hajui mpaka alifungue.

Ilianza wapi?

Mtindo huu ulipata nguvu mwaka 2010, wakati kampuni Birchbox ya New York ilianza kutumia wateja wake vipodozi kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2012, huko Chicago, Ross Gordon alianzisha Mystery Tackle Box kwa ajili ya wavuvi wa ndoano. Mteja anasema kwanza ni samaki gani anapenda kuvua. Vingine vyote ni kampuni inachagua: ndoano, na zaidi chambo bandia, ni kusema vitu vya plastiki, mpira ao chuma vilivyotengenezwa sawa samaki mdogo, mnyoo ao chura.

Kwa nini watu wanalipa?

Sababu ya kwanza, kule wengi wanavua kwa kujifurahisha. Samaki wengine wanarudishwa majini wangali wazima. Mtu wa namna hiyo hapoteze chakula cha watoto kama chambo kipya hakikushika kitu.

Sababu ya pili, aina za chambo bandia ni nyingi sana na dukani mtu anashindwa kuchagua. Watengenezaji nao wanataka vitu vyao vijulikane. Kwa hiyo mwenye kampuni ya masanduku ananunua kwa wingi na kwa bei nafuu, na faida yake inatoka katika tofauti ile.

Sababu ya tatu ni rahisi: watu wanapenda kufungua zawadi, hata kama ni wao wenyewe waliilipia.

Mtego uko wapi?

Uko katika malipo. Mteja anatoa namba za karte yake ya banki mara moja tu, kisha makuta yanakatwa yenyewe kila mwezi mpaka aseme basi. Tuseme sanduku ni dola 20. Haionekane nyingi, lakini kwa mwaka ni dola 240. Kuna watu wanaosahau, na wengine wanatafuta namna ya kujitoa bila kuiona.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inaomba muuzaji wa kwenye intaneti aeleze wazi masharti ya malipo hayo, apate kwanza ruhusa ya mteja, na ampe njia rahisi ya kusimamisha. Mwaka 2024, serikali ilitoa kanuni kali zaidi, kusudi kujitoa kuwe rahisi sawa kuingia. Lakini mwezi wa 7 mwaka 2025, korti la rufaa liliifuta. Kwa hiyo mteja anapaswa kujilinda mwenyewe.

Jambo lingine kwa ndugu walio kule: sanduku halileti ruhusa ya kuvua. Kila jimbo la Marekani lina permi yake, na mtu mzima anayevua bila permi anaweza kulipishwa amende.

Je, inaweza kutembea huku kwetu?

Fumbo, hapana. Mvuvi wa sambaza kwenye ziwa Kivu anafanya kazi usiku, na taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu wa kuinua. Wa ziwa Edouard anatega wavu wa tilapia. Kila mmoja anajua ukubwa wa matundu anayohitaji. Ukimletea wavu wa matundu madogo, atavua watoto wa samaki, na anaweza kunyanganywa wavu. Mtu anayekula kwa kazi hiyo hawezi kulipia kitu asichokichagua.

Lakini kulipa kidogo kidogo, watu wanajua tayari. Paneli za jua zinalipwa hivyo kwa telefone. Kwa wavu pia kuna deni la zamani: mvuvi anapewa wavu na mnunuzi wa samaki, kisha analazimika kumuuzia kwa bei anayotaka yule mnunuzi. Njo maana wavuvi wengine wanapenda kuweka akiba katika likelemba ao AVEC: makuta yanabaki ya kikundi, na wavu unanunuliwa baada ya kuuona na kuushika.

Kabla ya kukubali malipo yoyote ya kila mwezi, iwe huku ao Marekani, ulizeni maswali manne:

- Kwa mwaka mzima, yote pamoja ni ngapi?
- Nani anachagua kitu, mimi ao muuzaji?
- Kikiwa kibovu, naweza kukirudisha?
- Nikitaka kuacha, nafanya nini, na inachukua siku ngapi?

Kama muuzaji hajibu swali la nne waziwazi, musitoe namba ya karte wala ya telefone.