Waliofundishwa Ndio Waliokosea Zaidi

Kuna tarakimu tatu zilizoninyima raha: 84, 70 na 60. Zimo katika ripoti ya utafiti iliyotoka Septemba 2023, na waliozinukuu walikuwa wachache, kwa sababu ripoti hiyo ilikuwa na habari nzuri zaidi za kutangaza. Washauri wa biashara waliopewa fumbo la kampuni moja wakalifumbua kwa akili zao wenyewe walipatia kwa takriban asilimia 84. Waliopewa akili mnemba wakaachwa waitumie watakavyo walipatia kwa asilimia 70. Waliopewa akili mnemba, kisha wakafundishwa namna ya kuitumia, waliambulia asilimia 60.

Yaani mafunzo yaliwashusha. Katika msimu huu ambapo hoteli nyingi zenye ukumbi zina semina ya akili mnemba kwa mameneja, na vyeti vinatolewa kabla ya chakula cha mchana, nilidhani tarakimu hizo zingebandikwa mlangoni.

Utafiti wenyewe uliwashirikisha washauri 758 wa Boston Consulting Group, watu ambao kazi yao ni kuwaambia wakuu wa makampuni cha kufanya. Watafiti walitoka vyuo kadhaa, Harvard wakiwa mbele, na mashine iliyotumika ni GPT-4. Nusu ya washauri walipewa kazi ya ubunifu na nusu nyingine wakapewa fumbo.

Fumbo ndilo lililoniteka. Mkuu wa kampuni ya nguo ana chapa tatu na anataka kujua aitilie nguvu ipi ili mapato yakue. Mshauri anakabidhiwa jedwali la Excel lenye takwimu za chapa zote tatu, pamoja na maandishi ya mahojiano na watu wa ndani ya kampuni. Ana muda mfupi, na mwishoni anatakiwa kumwandikia mkuu huyo barua yenye jibu na sababu zake. Ukilitazama jedwali utadhani limekamilika. Safu zimejaa, hesabu zinajumlika, na chapa mojawapo inajitokeza yenyewe kama jibu. Lakini katika mahojiano kuna maneno yaliyosemwa kwa kupitia tu, na ukiyashika unagundua kwamba jedwali halikupi picha nzima. Anayesoma kwa kushuku atayaona. Mashine iliyapita, na wengi waliokaa nayo wakayapita pia. Watafiti walilitunga hivyo makusudi, wakitafuta kazi ambayo mtu makini anaiweza na GPT-4 haiiwezi.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni baya zaidi. Barua zilipopimwa kwa ubora wa hoja na maandishi, za waliotumia mashine zilipata alama za juu kuliko za wenzao, hata pale ambapo jibu lenyewe halikuwa sahihi. Mkuu wa kampuni angepokea barua iliyonyooka, yenye vichwa vidogo na sababu zilizopangika, ikimwelekeza kusiko. Wengi wetu tumezoea kuukamata uongo kwa harufu ya uandishi mbovu. Sasa harufu hiyo haipo.

Mmoja wa watafiti hao ni Ethan Mollick, mwalimu wa ujasiriamali katika chuo cha biashara cha Wharton, Philadelphia. Kwa muda sasa nimekuwa nikimsoma kuliko mtu mwingine yeyote anayeandika kuhusu mambo haya, kwa sababu anaitumia mashine hii kila siku na bado haongei kama muuzaji. Mwanzoni mwa 2023, vyuo vingi vilipokuwa vikihaha kuizuia ChatGPT, yeye aliwalazimisha wanafunzi wake kuitumia. Mwaka 2024 alitoa kitabu, Co-Intelligence, na humo anaufananisha uwezo wa mashine na ukuta wa ngome usionyooka: hapa umetokeza nje, pale umeingia ndani, na ukuta wenyewe hauonekani. Kazi mbili ambazo mtu angezidhania sawa kwa ugumu, moja iko ndani ya ukuta, nyingine nje. Hakuna kitabu cha maelekezo kinachosema ipi iko wapi, anasema Mollick. Anayeweza kuijua mipaka hiyo ni mtu anayeijua kazi yake vizuri na kuijaribu mashine katika kila sehemu ya kazi hiyo.

Hapo nadhani ndipo mafunzo ya wale washauri yalipowaponza, ingawa hii ni dhana yangu. Walifundishwa namna ya kuiuliza mashine. Kujua namna ya kumuuliza mtu hakukufundishi lini usimwamini, na hodari wa kuuliza hupata majibu ya kuvutia zaidi.

Mwenzake Mollick katika utafiti ule, Fabrizio Dell'Acqua, alikuwa amekwisha kuliona jambo hili kwa waajiri. Aliwapa watu 181 wenye kazi ya kuajiri rundo la maombi ya kazi wayapime, wengine wakisaidiwa na mashine nzuri na wengine na mashine hafifu. Waliopewa iliyo nzuri walilegea, wakaikubali tu. Waliopewa hafifu waliendelea kufungua macho, na ndio waliopatia zaidi.

Upande wa ubunifu ulikwenda vingine kabisa. Washauri waliambiwa wabuni kiatu kipya kwa ajili ya soko au mchezo uliosahaulika: watoe angalau mawazo 10, wachague moja, walitungie tangazo, wamwandikie bosi. Wenye mashine walimaliza kazi kwa haraka zaidi kwa asilimia 25, na ubora ukapimwa kuwa juu kwa zaidi ya asilimia 40. Waliokuwa dhaifu mwanzoni walipanda kwa asilimia 43, hodari kwa 17. Hizi ndizo habari nzuri zilizotangazwa. Kasoro iliyotajwa kwa sauti ya chini ni kwamba mawazo ya wenye mashine yalifanana mno. Mmoja mmoja walikuwa wabunifu zaidi, lakini ukiwakusanya pamoja wanakuletea viatu vinavyokaribiana.

Mollick mwenyewe, alipokuwa akiandika kitabu chake, hakuiachia mashine imwandikie. Aliitumia kama wasomaji watatu. Mmoja alimwita Ozymandias, mhakiki mwenye majivuno. Mwingine Mnemosyne, wa kuunganisha mambo yasiyo na uhusiano wa wazi. Wa tatu ni Steve, msomaji wa kawaida asiye na makuu. Akikwama kwenye sentensi, aliitaka imletee njia nyingi za kuimalizia, kisha anachagua au anazitupa zote. Mwandishi yeyote aliyewahi kumsubiri mhariri aliyezima simu ataelewa faida ya Steve.

Kwa viongozi wa ofisi, lile analolisisitiza Mollick lina uchungu kidogo: wafanyakazi wenu tayari wanaitumia, ila hawawaambii. Kampuni ikipiga marufuku, mtu anatoa simu yake mfukoni. Sababu za kuficha anazozitaja ni za watu wenye akili timamu. Wanaogopa kuadhibiwa. Wanajua kazi nzuri itashushwa thamani ikijulikana mashine imeshiriki. Na wanahofia kwamba wakionyesha kazi ya siku mbili sasa inakwisha kwa saa moja, bosi atapiga hesabu ya watu wa kupunguza. Ushauri wake ni kiongozi aitumie mwenyewe hadharani, atoe zawadi nono kwa anayefichua mbinu yake, na aahidi kwamba ufanisi hautageuka barua za kuachishwa kazi. Ahadi hiyo ya mwisho, nakiri, sijui ni bosi gani wa kwetu angeitia saini.

Kuna mahali Mollick naye hukwama, na hapo ndipo nilipompenda. Ni barua ya mapendekezo kwa mwanafunzi anayetafuta kazi au chuo. Thamani yake yote imo katika muda: profesa mwenye shughuli nyingi amekaa akaifikiria. Mashine inaiandika kwa sekunde, na huenda ikawa bora kuliko yake. Je, aandike kwa mkono wake barua hafifu, mwanafunzi akose nafasi, au abonyeze kitufe? Weka badala yake tathmini ya mwaka ya mfanyakazi, au salamu za rambirambi kutoka kwa mkurugenzi, swali ni lilelile. Mollick haachi jibu la kuridhisha, na mimi sina.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa limetokea Kenya. Watafiti wengine waliwapa wajasiriamali wadogo wa huko mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp. Walioshiriki, wakiwemo waliokosa mshauri huyo, walikuwa 640, kwa miezi kadhaa. Kwa wastani hakuna kilichobadilika. Ukiwagawa, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa asilimia 15 hadi 20, kutegemea toleo la ripoti unalolisoma. Waliokuwa na hali ngumu walishuka kwa asilimia 8 hadi 10.

Ni kinyume cha ilivyokuwa kwa wale washauri wa kazi ya kiatu, ambako dhaifu ndiye aliyefaidika zaidi. Toleo la kwanza la ripoti lilieleza kwamba wenye hali ngumu waliuliza maswali magumu zaidi. Inaeleweka: mwenye duka linalokaribia kufungwa haulizi namna ya kupamba tangazo. Anauliza namna ya kuokoka. Mshauri wa Boston Consulting Group alikuwa na bosi wa kuipitia barua yake, na akikosea mshahara wake ulibaki palepale. Mama mwenye genge anapata jibu lililonyooka kwenye simu, analifuata, na hasara inatoka kwenye mtaji wake. Programu za namna hiyo zinaendelea kunadiwa kwa wafanyabiashara wadogo wa ukanda huu, nyingine zikifadhiliwa kama misaada. Sijaona tangazo hata moja linalosema nani atabeba hasara hiyo.