Saa Moja kwa Kiswahili, Saa Tatu kwa Kiingereza

Katika kikao chetu kimoja cha walimu, mwenzetu alisimama akasema wazi kwamba hataki kusikia tena kipindi cha Vioja Mahakamani kikichezwa katika darasa lolote la idara. Hoja yake ilikuwa fupi: wanafunzi wetu wa Uganda wana shida ya kutosha ya matamshi, kwa nini tuwape mshtakiwa anayesema "kapisa" badala ya "kabisa"? Baadhi tulicheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Kwa muda mrefu televisheni ya taifa ya jirani zetu Wakenya imekuwa mwalimu wa pili wa Kiswahili kwa watu wengi, hata upande huu wa mpaka. Kabla ya kuamua kama mwalimu huyo afukuzwe, ni vyema tujue alikotoka.

Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, nao ulikuwa wa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Lugha za Waafrika zilipata nafasi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilihitaji kuzifikishia habari familia zilizokuwa na vijana vitani. Katika miaka ya 1950 vikazaliwa vituo vya mikoani, na cha Mombasa kikaitwa Sauti ya Mvita, jina ambalo wazee wa pwani bado hulitaja kwa mapenzi. Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, liliundwa mwaka 1961. Televisheni ilifuata mwaka 1962. Mtambo wa kwanza wa kurushia picha uliwekwa katika nyumba moja ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika umbali wa maili 15 tu. Kwa hiyo watazamaji wa mwanzo walikuwa watu wa Nairobi na vitongoji vyake, tena wale wenye fedha za kununua chombo chenyewe.

Mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru, serikali ililivunja shirika hilo na kuifanya kazi ya utangazaji kuwa ya wizara. Jina likawa Sauti ya Kenya, au VoK kama lilivyofahamika zaidi. Hali ilibaki hivyo hadi mwaka 1989, sheria mpya ya Bunge iliporudisha jina la KBC na kulifanya tena kuwa shirika. Katika kipindi hicho ndipo walipokopa fedha Japani ili kubadilisha mitambo, na deni hilo likawa mzigo mkubwa kwa shirika miaka mingi baadaye.

Hapa ndipo linapoingia jambo la kutuvutia sisi watu wa lugha. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanza, Kenya nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni. Mwenye televisheni hakuwa na la kuchagua ila kuwasha au kuzima. Na kituo hicho kilikuwa na desturi ambayo ikawa kama saa ya ukutani: saa moja usiku taarifa ya habari kwa Kiswahili, saa tatu usiku taarifa ya habari kwa Kiingereza. Vituo vya watu binafsi vilipokuja havikuthubutu kuibadili. KTN ilikuja na Mbiu, Citizen ikaja na Nipashe, zote saa moja. Wengine husema mpangilio huo ulikipa Kiswahili heshima, kwani kilitangulia. Mimi naona mambo mawili kwa pamoja. Saa moja ndipo nyumba inapojaa: watoto hawajalala, mama yuko jikoni lakini mlango uko wazi, bibi amekaa. Saa tatu hubaki baba na gazeti lake. Kiswahili kilipewa familia, Kiingereza kikapewa wakubwa wa ofisini. Mgawanyo huo unasema mengi kuhusu hadhi ya lugha hizi mbili kuliko kifungu chochote cha sheria, ingawa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Kiswahili cha taarifa hizo kilikuwa na sura yake. Katika enzi ya chama kimoja habari ya kwanza ilikuwa ya Rais, hata kama siku hiyo alikuwa amepanda mti tu, na jina lake halikutajwa bila "Mtukufu" mbele yake. Neno hilo lilipungua baada ya mwaka 2002. Halafu kuna tatizo la tafsiri, ambalo halijaisha katika vyumba vya habari vya nchi zetu zote. Habari huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mtu hufasiri mbio mbio kabla ya saa moja. Ndiyo maana tunasikia kwamba mkutano "ulichukua nafasi" badala ya "ulifanyika", na kila jambo hutokea "kufuatia" jambo jingine, kana kwamba mambo yamepanga foleni. Makosa haya yanasemwa kwa sauti nzuri, kwa suti na tai, kwa hiyo mwanafunzi huyaiga bila kuuliza. Nitalirudia jambo hili.

Nguvu ya sauti hiyo ilionekana asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali, walikimbilia studio za VoK jijini Nairobi, wakamchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na kumlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Walijua kwamba wananchi wangeiamini sauti waliyoizoea. Jioni hiyo jaribio lilikuwa limeshindwa. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, anakumbukwa zaidi kwa jambo la amani kabisa: kipindi chake Je, Huu ni Uungwana? kilichoanza mwaka 1966 na kudumu zaidi ya nusu karne, redioni na baadaye katika televisheni. Alichukua tabia moja ndogo, kama mtu kukata foleni au kumsomea jirani gazeti begani, akaieleza kwa lugha nyepesi ya mazungumzo, kisha akauliza swali lile lile. Kwa mwalimu wa insha, huo ni mfano wa kuigwa wa hoja moja inayoelezwa bila kupotea njia.

Majina ya vipindi peke yake ni somo la msamiati. Vioja ni mambo ya ajabu, vitimbi ni visa na hila, darubini imetoka Kiajemi, tausi imetoka Kiarabu. Tushauriane, mchezo wa kuigiza wa mwaka 1987 uliogusia uzazi wa mpango, una jina ambalo nimelitumia mara nyingi kufundishia kiambishi cha kutendana: shauri, shauriana, tushauriane. Mwanafunzi hasahau.

Lakini vipindi viwili ndivyo vilivyovuka mpaka. Mimi nilikulia karibu na Busia, na jirani yetu alikuwa na televisheni iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Siku za Vioja Mahakamani na Vitimbi tulijaa pale hadi dirishani. Picha ilikuwa na mvua, kama tulivyosema, lakini maneno yalisikika. Vioja, kilichoanza miaka ya 1970, ni mahakama ya kuchekesha: hakimu na kiongozi wa mashtaka wanazungumza Kiswahili kilichonyooka, na mbele yao wanapita washtakiwa na mashahidi, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Makokha, Masanduku, Ondiek Nyuka Kwota, Otoyo: majina haya yalijulikana kuliko ya mawaziri. Wasiofahamu watauliza kwa nini mahakama. Jibu ni kwamba mahakama za chini nchini Kenya huruhusu Kiswahili pamoja na Kiingereza, basi mwananchi wa kawaida aliyepelekwa kizimbani alikuwa akijitetea kwa Kiswahili alichonacho, cha sokoni au cha kambini. Mchezo uliiga jambo lililokuwapo.

Katika Vitimbi alitawala Mzee Ojwang, ambaye alianza na kipindi cha Darubini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alizungumza Kiswahili cha Mjaluo: shamba likawa "samba", shauri likawa "sauri". Watazamaji wengi walishangaa walipojua kwamba mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Hebu tulifikirie jambo hili kama wanaisimu. Mkikuyu hana shida ya Mjaluo. Shida yake ni "l" na "r". Ili amwigize Mjaluo kwa miaka zaidi ya thelathini bila kuteleza, ilimbidi ajue ni sauti zipi za Kiswahili hazimo katika Dholuo na ni zipi zinazoshika nafasi yake. Hakuisoma fonolojia chuoni, aliisikiliza. Mkewe katika mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere. Mzee Ojwang alifariki Julai 2015. Mwaka mmoja kabla, Wakenya walikuwa wamechanga fedha ili atibiwe macho. Mtu aliyelichekesha taifa zima hakuwa na akiba ya kutibu macho yake, na hilo linasema jambo kuhusu mashirika ya umma na wasanii wao.

Nasi Uganda je? Televisheni yetu ya taifa, UTV, ilianza mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Kenya. Mwaka 2005 iliunganishwa na Redio Uganda kuwa UBC. Sheria iliyoiunda ilitaka igharamiwe kwa ada ya leseni ya televisheni, lakini ukusanyaji wa ada hiyo ulisimamishwa. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikawekwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika televisheni kimebaki zaidi katika habari. Mchezo wa kuigiza wa Kiswahili wenye umri wa Vioja, wenye mshtakiwa wa Masaka na shahidi wa Gulu, hatuna. Ndiyo sababu tunaazima wa jirani.

Narudi kwa mwenzetu. Ana haki ya kuogopa, lakini naona ameogopa kosa lisilo hatari. Mwanafunzi anayecheka "kapisa" amekwisha kujua kwamba ni kosa; asingejua, asingecheka. Anayesikia "mkutano ulichukua nafasi" kutoka kwa msomaji habari hacheki, anaandika. Kama kuna kipindi cha kuogopa darasani, ni kile cha saa moja.

Kwa muhula huu nimefanya hivi. Kila Ijumaa tunatazama dakika kumi za Vioja. Kundi la kwanza linaandika maneno ya mahakama: mshtakiwa, dhamana, karani, faini, rufani, kuahirisha kesi. Kundi la pili linaandika matamshi ya shahidi mmoja na kutafuta kanuni yake, si kusema tu kwamba amekosea. Wiki ya tatu nikawaomba wajisikilize wenyewe. Msichana mmoja kutoka Mukono aligundua kwamba yeye husema "abali" na "mbiri". Tukaandika ubaoni: katika Luganda "r" hufuata "i" na "e", kwingine ni "l". Akaitazama kanuni ile kitambo, akasema, "Mwalimu, kumbe nami ningeweza kuajiriwa pale mahakamani." Mwenzetu aliyepinga alikuwa ameketi nyuma ya darasa siku hiyo. Ameomba dakika kumi za Ijumaa ijayo, lakini kwa sharti kwamba ataleta taarifa ya habari, na kalamu nyekundu.