Mvua Ikizidi Majuu, Vipepeo Huenda Wapi? Story Iko Hivi

Umewahi kuona msee mzima amesimama shambani na kalamu akihesabu vipepeo? Uingereza hiyo ni kazi serious. Tangu 1976 kuna watu hujitolea kutembea njia ile ile kila wiki, Aprili hadi mwisho wa Septemba, wakiandika kila kipepeo wanayemwona.

Shida ni spring yao, Machi hadi Mei. Hiyo ikiharibika, kila kitu huvurugika.

Kipepeo hana heater mwilini. Lazima kwanza aote jua, mabawa yametandazwa kama solar, ndio misuli ipate nguvu ya kuruka. Bila jua anajificha kwa majani. Ndio maana sheria za kuhesabu ni kali: chini ya nyuzijoto 13 hakuna kutoka. Kati ya 13 na 17, lazima jua liwe linawaka. Upepo ukizidi, rudi keja.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kutowaona si kumaanisha wameisha. Wiki moja ya mvua inaweza kupita wakiwa wamechill tu kwa nyasi. Lakini mvua ikikwama mwezi mzima, hiyo ni noma. Cheki orange-tip, yule mweupe ambaye dume ana ncha za rangi ya machungwa kwa mabawa. Yeye huruka hasa Aprili hadi Juni, na akishakuwa na mabawa huishi muda mfupi tu. Akikosa jua, hapati mchumba, na mayai hayatagwi. Deni linalipwa mwaka unaofuata.

2024 iliwapata hivyo. Spring ilikuwa ya mvua mob. Kwa Big Butterfly Count, ambapo mtu yeyote huhesabu kwa dakika 15 Julai na Agosti, wastani ulikuwa vipepeo 7. Mwaka uliotangulia ulikuwa 12. Shirika la Butterfly Conservation likatangaza dharura ya vipepeo.

So ukijipata huko Aprili, toka kati ya saa tano kasorobo na saa kumi kasorobo. Mawingu yakipasuka baada ya mvua, usiingie ndani, hapo ndipo wanatoka kuota jua.

Na ukitoka siku ya jua safi usione hata mmoja, usitupe karatasi. Andika sufuri. Hiyo sufuri ndiyo husaidia kujua kama mvua iliwaficha ama iliwamaliza.